Mume na Mke Waliolikopa Jina la Unguja

Chukua msala mmoja wa ukindu, ule wa kawaida anaousalia mtu mzima nyumbani kwake Malindi au Ng'ambo, uutandike chini, kisha uwasimamishe juu yake watu wanne, bega kwa bega na kifua kwa mgongo; ukiisha, utandike msala wa pili kando ya ule wa kwanza, na wa tatu, na uendelee hivyo bila ya kuacha upenyo hata wa kidole, kutoka Nungwi hadi Makunduchi na kutoka Forodhani hadi Chwaka, juu ya mapaa na barabara, juu ya makonde na juu ya msitu wa Jozani, nawe utakapomaliza kukijaza kisiwa kizima utakuwa umewapatia pa kusimama wanadamu wote waliokuwa hai ulimwenguni mwaka 2010, na nafasi kidogo ikabaki.

Msala ni wangu mimi. Hesabu ni ya Mwingereza mmoja, John Brunner, aliyeitoa mwaka 1968 katika riwaya aliyoipa jina la Stand on Zanzibar, yaani Kusimama Juu ya Zanzibar. Yeye hakutumia misala bali alimpimia kila mtu futi moja kwa mbili, akasema kwamba mwanzoni mwa karne ya ishirini walimwengu wote wangaliweza kubanana juu ya kisiwa cha Wight, kilichoko kusini mwa Uingereza na chenye kilomita za mraba 381. Kwamba zama zake yeye walikwisha kuongezeka hata wakahitaji kisiwa cha Man, chenye kilomita za mraba 572. Na kwamba utakapoingia mwaka 2010, watakapokuwa bilioni saba, watahitaji kisiwa chenye ukubwa wa Unguja. Umoja wa Mataifa ulitangaza kutimia kwa bilioni ya saba tarehe 31 Oktoba 2011, na kwa mtu aliyekuwa akikisia zaidi ya miaka arubaini kabla ya wakati, bila ya kuwa mtaalamu wa sensa, kukosea kwa mwaka mmoja na ushei si kukosea.

Fani aliyoiandikia Brunner wataalamu wetu wa lugha huiita bunilizi ya kisayansi. Wazee wa Mji Mkongwe, lau wangaliulizwa, nadhani wangaliiita hadithi za ajaibu, nao wasingalikuwa mbali na haki, kwani ile nyumba kubwa ya Forodhani aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ikawa ya kwanza mjini kupata taa za umeme, haikuitwa Beit al-Ajaib kwa sababu ya majini wala ya uchawi, bali kwa sababu watu waliiona elimu imegeuka kuwa kitu cha kutazamwa kwa macho. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1879, waya wa simu uliopitishwa chini ya bahari kutoka Aden ulikwisha kufika Unguja, na habari iliyokuwa ikingojea msimu wa kaskazi ndipo ije ikawa inafika kabla ya jua kuchwa. Mji wa namna hiyo haukuwa mgeni wa ajaibu za sayansi, na jambo hili nataka msomaji alishike, kwa sababu waandishi wa ng'ambo waliolitwaa jina letu hawakulijua, au walilijua wakalipuuza.

Wa kwanza kulitwaa hakuwa Brunner. Mwaka 1863 Mfaransa Jules Verne, anayehesabiwa na wengi kuwa baba wa fani hii, alitoa riwaya yake ya safari ya wiki tano katika puto, ikawa ndiyo ya mwanzo katika silsila ndefu ya vitabu vyake vya safari za ajabu. Na puto hilo, lililombeba Daktari Fergusson na wenzake wawili kukata bara la Afrika hadi Senegal, aliliondosha Unguja. Basi inaweza kusemwa bila ya kutia chumvi kwamba safari yote ile ya kalamu, iliyokuja kufika chini ya bahari na kuuzunguka mwezi, iling'oa nanga katika bandari yetu. Lakini Verne hakupata kuikanyaga ardhi hii. Alisoma habari za wasafiri, Burton na Speke na wengineo, akajaziliza yaliyobaki kwa dhana, na katika dhana hizo akawafanya watu wa Unguja waghadhibike waliposikia kwamba mgeni anataka kupaa angani, wakichelea kuwa ana nia mbaya na jua na mwezi, hata puto likalazimika kutiliwa hewa kwenye kisiwa kidogo cha kando ili lisidhuriwe. Hapo alitukosea. Katika mwaka ule ule wa 1862 ambamo hadithi yake imewekwa, zama za Sayyid Majid, bandari hiyo ilikuwa imejaa manahodha waliokuwa wakiendesha majahazi kwa nyota hadi Maskati na Bombay, na misikiti yake ilikuwa na wanazuoni waliozijua hesabu za falaki za kuandama kwa mwezi; watu wa namna hiyo mtu hawezi kuwatishia mwezi.

Karne moja ikapita, na kilichokuwa kalamuni kikaja kutua shambani. Mwaka 1960 Marekani ilipatana na Uingereza, iliyokuwa ikiihami Zanzibar, kujenga kituo Tunguu, mwendo wa kilomita chache kutoka mjini, kiwe pete moja katika mnyororo wa vituo vilivyouzunguka ulimwengu kwa ajili ya mradi wa Mercury wa kumpeleka mtu angani. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu kwa muda wa saa tano kasoro dakika chache, chombo chake kilipolipita anga la Kano katika nchi ya Nigeria, wa kukipokea walikuwa mafundi wa Tunguu, wakakifuata kwa mitambo yao hadi kilipochukuliwa na meli iliyokuwa ikingojea katika Bahari ya Hindi, na baada yake Australia. Kila mzunguko ulikuwa wa saa moja na nusu hivi. Mkulima wa muhogo aliyetoka kondeni kwake jioni, akala chakula chake, akaenda kulala, alikuwa amepitwa juu ya kichwa na mtu huyo huyo mara mbili, na aghalabu asijue.

Wala si kweli kwamba watu walikipokea kituo hicho kwa furaha tupu. Wanasiasa wa chama cha Hizbu na viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikipinga hadharani, wakihofia kwamba nchi isiyokuwa na ugomvi na mtu itaingizwa katika uhasama wa mataifa makubwa na kugeuzwa shabaha ya makombora. Hofu hiyo wako walioiita ujinga. Mimi siioni hivyo. Ilikuwa miaka ya mabomu ya haidrojeni, na aliyeogopa alikuwa na haki ya kuogopa. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, serikali ya Mzee Karume iliwataka Wamarekani wakiondoe, na mnamo Aprili mwaka huo, mwezi ule ule wa Muungano, kituo kikafungwa.

Hofu hii ndiyo inayotufikisha kwa mume na mke tunaowazungumzia, kwani wao nao, mbali kabisa na Tunguu, walikuwa nayo vifuani. John Brunner alizaliwa mwaka 1934 katika jimbo la Oxfordshire, akatoa riwaya yake ya kwanza mwaka 1951 akiwa hajatimiza umri wa miaka kumi na minane, kwa jina la kupanga, akatumikia jeshi la anga la nchi yake kutoka 1953 hadi 1955, akatoka humo akiyachukia majeshi. Mwaka 1958 yalitokea mambo mawili katika maisha yake: wakati wa Pasaka maelfu ya watu waliandamana kwa miguu baina ya London na Aldermaston, palipokuwa pakitengenezwa silaha za kinyuklia, na wimbo walioushika njiani ulikuwa ni yeye aliyeutunga maneno yake, kisha mwezi wa Julai akamwoa Marjorie Sauer.

Kwa miaka mingi baada ya hapo John aliandika kwa kasi ambayo kwa mwandishi wa leo ni ya kutisha, riwaya baada ya riwaya, nyingi zikichapishwa Marekani na kampuni ya Ace Books katika vile vitabu vyembamba vya bei ndogo vilivyofungwa viwili katika jalada moja, ukikimaliza kimoja unakipindua unaanza cha pili. Malipo ya kazi hiyo yalikuwa madogo, na mtu mmoja peke yake hawezi kuandika riwaya, akadai malipo, akasoma mikataba, akajibu barua za wachapaji wa nchi mbalimbali, na bado akawa na akili ya kuwaza dunia ya miaka arubaini mbele. Marjorie ndiye aliyeishika biashara. Mwaka 1966 waliifanya nyumba yao kuwa kampuni kwa jina la Brunner Fact and Fiction, yaani Kweli na Hadithi za Brunner, mume akishika kalamu na mke akishika daftari. Na tazama tarehe hizo: kampuni 1966, Stand on Zanzibar 1968. Kitabu kile kikubwa, kilichozidi mara kadha ule unene wa vitabu vyake vya zamani, hakikuandikwa na kijana anayekimbizana na kodi ya nyumba, bali na mtu ambaye nyuma yake palikuwa na mlango umefungwa na mwenzake.

Mtu aliyekulia Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa sana jambo hili. Kofia za viua zinazouzwa Darajani tumezoea kuzihusisha na mwanamume anayeziuza au anayezivaa, ilhali vile vitobo vidogo vidogo, vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja kwa sindano nyembamba hata kitambaa kikawa kigumu na chepesi kwa pamoja, mara nyingi vimetoka katika mikono ya mwanamke aliyekaa katika baraza ya ndani kwa wiki nyingi. Kofia ni moja, na mikono iliyomo ni zaidi ya jozi moja. Wanahistoria wa vitabu, kama wachuuzi wa kofia, wamezoea kulitaja jina moja tu lililo juu ya jalada, na kwa sababu hiyo nimeona ni wajibu kumtaja Marjorie mapema katika makala haya na si katika mstari wa mwisho.

Nchini mwao palikuwapo wakati huo mume na mke wengine katika fani hii, ambao umaarufu wao ulikuwa mkubwa zaidi kwa kuwa walipitia televisheni: Gerry na Sylvia Anderson, waliotengeneza michezo ya vikaragosi vya nyuzi, uliovuma kupita yote ukiwa Thunderbirds wa mwaka 1965, na Sylvia mwenyewe ndiye aliyekuwa sauti ya yule bibi wa kifahari aliyeitwa Penelope. Wao waliandika, wakatayarisha, wakasimamia upigaji wa picha, na ndoa yao ikaja kuvunjika. Brunner naye aliwahi kuingia katika sinema, akaandika mchezo wa filamu iliyoitwa The Terrornauts, iliyotoka mwaka 1967, lakini haikuwa hiyo iliyomjengea jina.

Kilichomjengea jina ni Zanzibar. Riwaya yenyewe inakwenda mwaka 2010, na imesukwa kwa namna ngeni: baina ya sura za hadithi kumepachikwa vipande vya habari, matangazo ya biashara, mazungumzo ya karamuni na maneno ya wataalamu, hata msomaji akahisi yuko katikati ya soko, kila mtu anapiga kelele na hapana anayemsikiliza mwenzake. Ndani yake kuna watu wawili wanaokaa chumba kimoja mjini New York: Norman House, Mmarekani mweusi aliyepanda ngazi katika kampuni kubwa yenye nguvu kuliko serikali, na Donald Hogan, mwanachuoni mpole ambaye kumbe ameajiriwa kwa siri, na siku moja anaitwa akageuzwe muuaji. Kuna mtambo wa kompyuta uitwao Shalmaneser, unaoulizwa mambo ya mataifa kama vile zamani watu walivyokwenda kupiga bao. Na kuna nchi ya Kiafrika ya kubuni, Beninia, maskini wa kupindukia, chini ya rais mzee aitwaye Obomi, ambayo watu wake kwa siri isiyojulikana hawauani, wakati walimwengu wengine, kwa kubanana, wamefikia hadi ya mtu kuamka tu barabarani akaanza kuwachinja wapita njia.

Unguja haimo. Msomaji wa Kizanzibari anayekifungua kitabu kwa shauku ya kulikuta jina la mtaa wake atazipekua kurasa zote asiuone mkarafuu hata mmoja, wala baraza, wala mlango wa njumu. Kisiwa chetu kimetumika humo kama kibaba kinavyotumika dukani: hakuna anayekula kibaba, ila mchele haupimiki bila yake. Kila hadithi inapoendelea watu wanazidi kuzaliwa, na kisiwa kinazidi kuwaelemea, hata wengine hawana budi kusimama majini. Nimekisoma kitabu hicho mara mbili, na kila mara nilipofika hapo nimejikuta nikiwaza, si bilioni saba za watu, bali wale wa Unguja waliokuwapo kabla ya wageni kuja kusimamishwa juu ya vichwa vyao: wao waliwekwa wapi katika hesabu?

Sisemi haya kwa kumlaumu. Kitabu ni kizuri, na sifa zake amezistahiki. Kilipata tuzo ya Hugo mwaka 1969, ambayo katika fani hii haina inayoizidi, na Wafaransa nao wakakipa tuzo yao ya Apollo mwaka 1973. Afrika ya Beninia, kinyume na ile ya Verne, ndiyo yenye siri ya amani ambayo wakubwa wa dunia wameikosa, na hiyo si heshima ndogo kutoka kwa Mwingereza wa mwaka 1968. Ninachosema ni kwamba alilikopa jina, na mkopo haukurejeshwa.

Mwaka huo huo wa 1968, katika mji wa London, kampuni ya Evans Brothers ilichapisha kitabu kingine chenye Unguja, ambacho Wazungu hawakukipa tuzo: Kisima cha Giningi, cha Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi na mhariri wa miaka mingi. Wasomaji wetu walikwisha kumjua kwa Mzimu wa Watu wa Kale, hadithi iliyoshinda katika mashindano ya uandishi ya Afrika Mashariki ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa 1960. Giningi, kama kila mtoto wa Unguja alivyosimuliwa na bibi yake, ni mji usioonekana, makao ya wachawi. Na Bwana Msa, mpelelezi wa vitabu hivyo, kiko mdomoni, kazi yake ni kuingia mahali ambapo watu wote wamekwisha kusema "hili ni la mizimu", akatazama unyayo, akauliza swali dogo, akaonyesha kwamba ni la binadamu. Mimi huliona hilo kuwa jambo la kisayansi kuliko mitambo yote ya Shalmaneser. Kadhalika Shaaban Robert wa Tanga alikwisha kuijenga, mwaka 1951, nchi nzima angani aliyoiita Kusadikika, ili watawala wa ardhini wajione. Na Farouk Topan, mwana wa Unguja, mwaka 1973 akampeleka mvuvi peponi kwa makosa ya waandishi wa mbinguni katika tamthilia ya Aliyeonja Pepo. Mbegu zilikuwapo, na zilikuwa zetu. Zilizokosekana ni daftari na mwenye kulishika: wachapaji wa hapa walikuwa wachache, karatasi ghali, na mwandishi wetu aghalabu aliandika usiku baada ya kazi ya mchana, bila ya kampuni wala mtu wa kujibu barua.

Kina Brunner waliendelea. John alitoa The Jagged Orbit mwaka 1969, The Sheep Look Up mwaka 1972, kuhusu dunia iliyosumishwa kwa taka za viwanda, na The Shockwave Rider mwaka 1975, ambamo alibuni programu inayojipenyeza yenyewe kutoka kompyuta moja hadi nyingine akaiita mnyoo, jina ambalo mafundi walikuja kulichukua na ndilo tunalolitumia hata leo simu zetu zinapoambukizwa. Kisha akatumia miaka mingi juu ya riwaya ya kihistoria ya mashua za mvuke za mto Mississippi, iliyotoka mwaka 1983 na haikununuliwa ipasavyo. Marjorie alifariki mwaka 1986. Baada ya hapo, ingawa John alioa tena mwaka 1991, kazi yake haikurudi katika hali yake. Afya ilikuwa dhaifu, wachapaji wamepungua, na vitabu vyake vingi vikawa havipatikani madukani. Alifariki ghafla tarehe 25 Agosti 1995 mjini Glasgow, akiwa amehudhuria mkutano mkuu wa dunia wa waandishi na wasomaji wa fani yake, na wenzake, badala ya kumnyamazia kimya kwa dakika moja, walisimama ukumbini wakampigia makofi.

Mwezi wa Novemba 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza bilioni ya nane, na msala wetu wa watu wanne sasa umekaribia kukienea kisiwa chote. Mwaka huo huo sensa yetu iliwahesabu wakaazi wa Unguja na Pemba ikawakuta 1,889,773, na karibu nusu yao wanakaa Mkoa wa Mjini Magharibi peke yake, mahali ambapo kubanana si hadithi ya mwaka ujao bali ni habari ya leo asubuhi katika daladala ya Amani. Basi wewe kijana wa Kikwajuni au wa Tunguu unayeandika usiku, na wewe mwenzake unayejua hesabu na kusoma mkataba, kaeni pamoja muandike hadithi ya mwaka 2070 ambayo Unguja imo ndani yake, na watu wake wanasema Kiswahili.